Chombo huru kinachoomba nauli wizarani

Miaka kadhaa nyuma niliandika barua ya malalamiko kuhusu rampu. Jengo la ofisi ya umma, rampu ipo, imepakwa rangi vizuri tu na alama ya kiti mwendo imechorwa juu yake, ila mteremko wenyewe ni mkali kiasi kwamba ukipanda bila mtu wa kukusukuma unarudi kinyumenyume mpaka getini. Nikapeleka barua kwenye ofisi niliyoambiwa ndo inashughulikia mambo yetu sisi watu wenye ulemavu, wakaipokea, wakagonga muhuri, wakanipa nakala. Wiki kama sita baadae napigiwa simu, "wewe ndo uliyeandika kuhusu ngazi?" Nikasema rampu. Akasema haya, rampu. Katika kuongea ongea nikagundua huyu bwana anatoka ofisi ileile yenye jengo! Barua yangu ilizunguka weee ikarudi kwa niliyemlalamikia, "kwa hatua zaidi". Kesi ya nyani, hakimu ngedere.

Ndo maana siku hizi nikisikia mtu anasema nchi iwe na chombo huru cha taifa cha kusimamia haki za watu wenye ulemavu, nakubali haraka sana, halafu nauliza: mshahara wao nani anasaini?

Kwanza tuelewane, hili sio ombi la hisani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa 2006 na kuanza kutumika 2008, una kifungu cha 33 ambacho watu wanakipita haraka kwa sababu kiko huko mwishoni na kinaonekana kama mambo ya kiofisi. Kinasema serikali iwe na dawati lake la kuratibu utekelezaji, sawa, halafu mbali na hilo dawati kuwe na mfumo wenye chombo huru, kimoja au zaidi, cha kukuza, kulinda na kufuatilia haki hizo, na watu wenye ulemavu pamoja na vyama vyao washiriki kikamilifu kwenye huo ufuatiliaji. Yaani ni kazi mbili tofauti. Sasa mchezo unaofanyika ni kuanzisha baraza chini ya wizara, linasajili watu, linagawa viti mwendo na fimbo nyeupe, linapiga picha na matisheti tarehe 3 Desemba, Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu, halafu mtu anasimama anasema msimamizi tunaye. Mimi sina ugomvi na baraza la namna hiyo, kazi yake ipo na watu wanaihitaji, lakini anayegawa viti hawezi kuwa yuleyule anayekagua kama viti vimegawiwa kwa haki, hata awe mtu mwema namna gani.

Uhuru wenyewe wala hauhitaji kubuniwa upya. Kuna Kanuni za Paris, zinazoeleza taasisi ya taifa ya haki za binadamu iweje, zilizoidhinishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 1993, na huo Mkataba unataka zizingatiwe. Ukizisoma utaona hazina maneno ya mbwembwe: mamlaka yaandikwe kwenye katiba au sheria, wajumbe wajulikane wanakaa muda gani, chombo kiwe na watumishi wake na ofisi yake na pesa za kutosha ili kisibanwe na serikali, na wawakilishi wa wizara wakiwemo basi wawe washauri tu. Hapo kwenye pesa ndo pananikera zaidi. Unaweza kuandika neno "huru" kwenye kila ukurasa wa sheria, ila kama mkurugenzi lazima aandike barua wizarani kuomba mafuta ya gari ili akakague shule iliyo chini ya wizara hiyohiyo, tayari umeshajua ripoti itasomekaje. Bajeti iende bungeni yenyewe, kwa fungu lake.

Halafu meno. Mimi nikiulizwa nichague nguvu moja tu nitaacha hata ya kwenda mahakamani (ingawa naitaka) nichukue ya kuingia bila hodi. Kifungu cha 16 cha Mkataba huohuo kinataka vituo na programu zote za kuhudumia watu wenye ulemavu zifuatiliwe na mamlaka huru, na sababu inaeleweka: mimi na rampu yangu nina simu, nina barua, nina mdomo, lakini kuna mtu yupo kwenye kituo au wodi, mlango unafungwa kwa nje, simu anayo msimamizi, na akilalamika anaambiwa ndo ugonjwa wake unaongea. Huyo hatakuja kujaza fomu. Lazima afuatwe, na afuatwe siku ambayo hakuna aliyepewa taarifa ya kubadilisha mashuka, na anayemfuata awe na uwezo wa kuongea naye faragha, akiwa kiziwi kuwe na mkalimani wa lugha ya alama ambaye sio mfanyakazi wa kituo. Na ripoti ikitoka itoke, isipitie meza ya waziri kwanza kwa ajili ya "kuboreshwa".

Kuhusu nani akae mezani sitasema mengi, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ila wasitutafutie mjumbe mmoja anayetembelea kiti mwendo akae katikati kwa ajili ya picha. Wenye ulemavu wa akili na wa kisaikolojia wawemo pia, maana hata sisi wenyewe huwa tunawasahau.

Kuna wanaosema tume ya haki za binadamu si ipo, ya nini kuongeza ofisi? Hoja ina uzito, pesa sio nyingi, na kifungu cha 33 hakilazimishi jengo jipya. Ujerumani waliipa kazi hiyo taasisi yao ya haki za binadamu, New Zealand wameunganisha watatu, yaani tume ya haki za binadamu, ombudsman (ofisi inayochunguza malalamiko ya wananchi dhidi ya serikali) na muungano wa vyama vya watu wenye ulemavu wenyewe, na huo wa New Zealand mimi ndo unanivutia. Ila Uingereza walikuwa na tume yao maalumu ya ulemavu tangu 2000, ikafika 2007 ikamezwa na tume moja kubwa ya usawa inayobeba kila kitu. Nachoogopa ni hicho, kumezwa. Kama ni lazima tuwekwe ndani ya tume kubwa basi kuwe na kamishna wa ulemavu aliyetajwa kwenye sheria, na fungu lake lisiloguswa pakitokea dharura nyingine, manake dharura nyingine hazijawahi kukosekana.

Kwahiyo muswada wa namna hii ukitua popote pale, mimi sianzi na utangulizi wenye maneno matamu. Naenda moja kwa moja sehemu ya fedha, halafu ya uteuzi, halafu natafuta neno "waziri" limetajwa mara ngapi. Na nakala ya barua ya rampu bado ninayo, muhuri unasomeka vizuri tu.