Ramani ndani ya yai: Fabergé, makumbusho na vita

Pasaka ya mwaka 1913, Tsar (yaani mfalme) Nikolai II wa Urusi alimpa mkewe Alexandra yai la dhahabu lililofunikwa enameli nyeupe. Nje lina picha ndogo 18 za watawala wa ukoo wa Romanov, kila moja imezungushiwa almasi. Ukilifungua, unakuta tufe la dunia. Bahari zake ni chuma cha buluu, nchi za Tsar ni dhahabu. Upande mmoja ni Urusi ya 1613, ukoo ulipotwaa kiti, na upande wa pili ni Urusi ya 1913. Kinachosifiwa hapo hakihitaji mwalimu wa historia: dhahabu imeongezeka. Ya 1613 haijafika Kyiv. Ya 1913 imekwisha kuimeza Kyiv, na Warsaw, na Riga, na Helsinki.

Yai hilo ni mali ya Makumbusho ya Kremlin, Moscow. Novemba 2021 lilikuwa London, kwenye kabati la kioo la jumba la Victoria and Albert, maarufu V&A, katika maonyesho ya vitu zaidi ya 200 vya nyumba ya Fabergé, masonara wa ikulu ya Urusi waliolitengeneza, 15 kati yake yakiwa mayai ya kifalme, yaani yale yaliyotengenezewa ikulu kwa ajili ya Pasaka. Tarehe 24 Februari 2022 majeshi ya Urusi yakavuka mpaka na kuingia Ukraine. Maonyesho hayakufungwa; yaliendelea mpaka Mei 8 kama yalivyopangwa. Kwa miezi miwili na zaidi, mtu aliweza kusimama mbele ya tufe linalojivunia kuimeza Kyiv huku simu mfukoni ikimletea picha za Kyiv ikipigwa makombora.

Je, jumba lilikosea kuuacha mlango wazi? Nimelizungusha swali hili muda mrefu, na kila nikidhani nimeshapata jibu, upande wa pili unanivuta kanzu.

Tuanze na wanaosema hapana, kwa kuwa hoja yao ina nguvu kuliko inavyodhaniwa. Vitu hivi vilitengenezwa kabla ya mapinduzi ya 1917. Carl Fabergé mwenyewe, mzaliwa wa St Petersburg wa mwaka 1846, alikimbia nchi na kufia Lausanne, Uswisi, mwaka 1920. Tsar aliyekuwa akimfanyia kazi aliuawa pamoja na mkewe na watoto. Hakuna fundi wala mteja wa zama zile anayeweza kubebeshwa makombora ya 2022. Tena, vitu vya kuazima vina masharti yake. Sheria ya Uingereza ya 2007 inavikinga visikamatwe vikiwa kwenye maonyesho yaliyoidhinishwa, na makumbusho makubwa duniani yanategemea ahadi za namna hiyo. Ukiivunja leo kwa sababu nzuri, kesho nani atakuazima?

Haikuwa hofu ya kinadharia. Aprili mwaka huohuo maofisa wa forodha wa Finland walizuia mpakani kazi za sanaa zenye thamani ya euro milioni 42, zilizokuwa zikirudi Urusi baada ya kuonyeshwa Italia na Japani. Kwa mujibu wa vikwazo vipya vya Umoja wa Ulaya, walikuwa na haki: kazi za sanaa zilihesabiwa kuwa bidhaa za anasa. Ndani ya siku chache Umoja ukafungua mwanya kwenye kanuni zake na mzigo ukaruhusiwa kupita. Hata waliotaka kuibana Moscow kila upande waliona kwamba kushika picha za kuazima ni kujikata mkono wenyewe.

Na kuna ufundi. Hapa wapenzi wa Fabergé hunipata mzimamzima. Enameli ni unga wa kioo unaoyeyushwa kwa moto mpaka ushikane na chuma. Mafundi wa Fabergé kwanza walichonga mistari ya mawimbi juu ya dhahabu kwa mashine, kisha wakaipaka enameli angavu tabaka juu ya tabaka na kuichoma tanurini kila mara. Moto ukizidi kidogo, kazi ya wiki nzima imepasuka. Sonara yeyote anayeijua kazi yake akiliangalia yai la namna hii atanyamaza kwanza.

Mafundi wenyewe hawakuwa mabwana. Mikhail Perkhin, aliyesimamia karakana iliyotoa mengi ya mayai ya mwanzo, alitoka familia ya wakulima kaskazini mwa Urusi. Alma Pihl, binti mwenye asili ya Finland, aliona barafu imechora maua kwenye kioo cha dirisha la karakana, na kutokana na hayo akabuni Yai la Majira ya Baridi la mwaka 1913: jiwe angavu kama maji, limetandazwa almasi ndogo kama theluji iliyoganda. Baada ya mapinduzi alihamia Finland akawa mwalimu wa uchoraji katika mji wa viwanda vya karatasi, Kuusankoski. Desemba 2025 yai lake lilinadiwa London kwa karibu pauni milioni 23. Maonyesho yanayolitoa jina la mwanamke huyo kwenye giza yamefanya kazi ya maana, na ndiyo kazi ya makumbusho.

Sasa upande wa pili. Maonyesho ya London yaliitwa, kwa tafsiri yangu, "Fabergé mjini London: kutoka mahaba hadi mapinduzi". Neno "mahaba" ndilo linalonikera. Ni kweli kwamba duka pekee la Fabergé nje ya Urusi lilikuwa London, kuanzia 1903, na kwamba Mfalme Edward VII aliagiza wanyama wa shamba lake la Sandringham wachongwe kwa mawe ya thamani. Wateja wengine walikuwa wenye mabenki, warithi wa Kimarekani na maharaja wa India. Lakini kuyaita haya mahaba ni kusimulia harusi bila kutaja mahari ililipwa na nani.

Yai la kwanza, la mwaka 1885, ambalo ndani yake kuna kuku wa dhahabu, lilimgharimu Tsar Aleksanda III ruble 4,151. Lile la Alma Pihl liligharimu ruble 24,600. Katika miaka hiyo wastani wa mshahara wa mfanyakazi wa kiwandani Urusi haukufika ruble 300 kwa mwaka. Fanya hesabu: zaidi ya miaka 80 ya jasho kwa zawadi ya Pasaka moja. Na mayai ya kifalme yaliyokabidhiwa ni 50. Mwaka 1904 na 1905 hayakutolewa kwa sababu ya vita na Japani, yaani hata ikulu ilijua kuna nyakati yai la almasi linakuwa aibu. Baada ya hapo ikasahau.

Wapo watakaosema kila sanaa kubwa ililipiwa na jasho la mtu, kuanzia piramidi mpaka makanisa ya Ulaya. Sawa. Lakini piramidi haiwezi kuwekwa mfukoni. Vito vina tabia yao: vinamfanya mtazamaji asimame upande wa mwenye navyo. Mbele ya kabati la kioo hujiulizi ungekuwa mfanyakazi yupi wa kiwanda kipi. Unajiuliza lingependeza kwenye meza gani nyumbani kwako. Taa zinaelekezwa kwenye almasi, kuta zinatiwa giza, na duka la zawadi linakusubiri mlangoni. Chema chajiuza, ndivyo wahenga walivyosema, na makumbusho yanaijua methali hiyo vizuri: kuingia V&A ni bure, lakini maonyesho makubwa kama haya ni kwa tiketi.

Kwenye suala la nani mwenye vitu hivi, mambo yanakuwa magumu zaidi, na hapa ndipo wachambuzi wengi hupita haraka. Wabolsheviki, wakomunisti walioshika madaraka mwaka 1917, walitaifisha hazina ya ikulu, kisha mwishoni mwa miaka ya 1920 na mwanzoni mwa miaka ya 1930 serikali ya Stalin ikaanza kuuza nje ili kupata fedha za kigeni. Ndivyo mayai yalivyofika Marekani. Matano yako Virginia, kwa wasia wa mama mmoja tajiri aliyefariki mwaka 1947. Mawili yako Hillwood, Washington, nyumba ya Marjorie Merriweather Post, ambaye mumewe alikuwa balozi Moscow. Moja lilipotea kabisa, likaibukia kwa muuza chuma chakavu wa Marekani aliyelinunua kwa takriban dola 14,000 akitaka kuliyeyusha. Hakupata mnunuzi kwa bei aliyoitaka, na ubahili wa sokoni ukaliokoa yai la mwaka 1887. Hilo nalo lilikuwa London mwaka 2021. Na mwaka 2004 bilionea Viktor Vekselberg alinunua kwa mkupuo mayai tisa ya kifalme ya familia ya Forbes na kuyarudisha Urusi. Leo yako kwenye jumba la Fabergé la St Petersburg, na mwenyewe yuko chini ya vikwazo vya Marekani tangu 2018.

Kwa hiyo mayai haya si ngawira, angalau si kwa maana tunayoijua sisi. Yaliuzwa na serikali yenyewe, yakanunuliwa kwa risiti. Nalitaja hili kwa sababu jengo hilohilo la V&A limehifadhi taji la dhahabu la Ethiopia lililochukuliwa Maqdala mwaka 1868, askari wa Uingereza walipoivamia ngome ya Mfalme Tewodros II. Mwaka 2018, miaka 150 baadaye, jumba liliandaa onyesho dogo la vitu hivyo, na mkurugenzi wake akazungumzia kuiazima Ethiopia vitu vyake kwa muda mrefu. Kuiazima, si kuirudishia, kwa kuwa sheria ya Uingereza ya 1983 inaizuia bodi ya jumba kutoa mali iliyomo kwenye mkusanyiko wake.

Ziweke sheria hizo mbili bega kwa bega. Ya 2007 inahakikisha yai la Kremlin linarudi nyumbani hata mwenye Kremlin akiwa ameanzisha vita. Ya 1983 inahakikisha taji la Ethiopia halirudi nyumbani hata kila mtu akikubali kwamba liliporwa. Mwanasheria ataniambia, na kwa haki, kwamba ya kwanza inalinda mkopo na ya pili inalinda mali ya umma, ni vitu viwili tofauti. Najua. Lakini mtu wa Addis Ababa anayepita kati ya vyumba hivyo viwili hatembei na mwanasheria.

Lipo pia jambo dogo la soko. Kitu kikionyeshwa na jumba lenye jina, bei yake hupanda, na kwa Fabergé bidhaa za kuigiza ni nyingi kiasi kwamba wafanyabiashara wamezitungia jina la utani. Mwaka 2021 hata Hermitage, jumba kubwa la makumbusho la St Petersburg, ilijikuta kwenye ugomvi, mfanyabiashara wa sanaa wa London alipodai hadharani kwamba baadhi ya vitu kwenye maonyesho yake ya Fabergé ni bandia. Ugomvi huo ulionyesha jinsi muhuri wa makumbusho ulivyo na thamani, na jinsi inavyotakiwa kuugonga kwa uangalifu.

Nikipima yote, siungi mkono kufunga. Kufunga kungeliondoa lile tufe machoni pa watu wakati uleule lilipokuwa na la kusema kuliko wakati wowote tangu 1913. Moscow ingepata malalamiko ya bure, na Ukraine isingepata chochote. Kilichohitajika ni maneno ubaoni: hapa, msomaji, unaona dola ikijipima kwa dhahabu, Kyiv iko hapa, leo ni siku ya kadhaa ya vita. Kibao cha maelezo hubadilishwa kwa mchana mmoja.

Na siku nyingine jumba lolote litakapopanga maonyesho ya Fabergé, ningeomba jambo moja tu. Mei 1896, siku chache baada ya Nikolai kutawazwa Moscow, watu walijaa uwanja wa Khodynka kupokea zawadi za sherehe, vifurushi 400,000: mkate, soseji, peremende, na kikombe cha chuma chenye enameli, kimechapwa herufi za majina ya Tsar na mkewe. Uvumi ukaenea kwamba vikombe havitatosha. Umati ukasukumana juu ya uwanja wenye mahandaki ya mazoezi ya kijeshi, na kwa hesabu ya serikali yenyewe wakafa watu 1,389. Usiku huo Tsar alihudhuria dansi kwa balozi wa Ufaransa. Pasaka iliyofuata Fabergé alileta yai la kukumbuka kutawazwa huko: enameli ya manjano iliyoiga joho la Alexandra, na ndani yake gari la farasi la dhahabu lisilofika urefu wa sentimita 10, ambalo fundi wake George Stein alilifanyia kazi kwa takriban miezi 15.

Enameli kwenye kikombe, enameli kwenye yai. Unga wa kioo uleule, mmoja juu ya chuma, mwingine juu ya dhahabu, kwa ajili ya sherehe ileile. Vikombe vya Khodynka bado vipo, na minadani hupatikana kwa mamia machache ya dola. Kinunuliwe kimoja, kiwekwe kwenye kabati la yai, chini ya taa ileile.