Ankara ya Januari Ibaki na Dola ya Januari

Programu ya uhasibu inayohesabu upya ankara za zamani kwa bei ya dola ya leo haimfai mfanyabiashara wa Eastleigh, Nairobi. Mwaka 2024 ulituonyesha kwa nini. Januari dola moja ilifika karibu shilingi 160. Februari serikali ikanunua sehemu kubwa ya Yurobondi, yaani deni lake la dola kwa wawekezaji wa nje, iliyokuwa iive Juni; hofu kwamba ingeshindwa kulipa ikatulia, na mwisho wa Machi dola ilikuwa imeshuka hadi kama 132.

Mchukue mwenye duka aliyeletewa viatu vya dola 10,000 kwa mkopo mwezi ule wa Januari, akalipa mwisho wa Machi. Viatu viliingia stoo kwa shilingi 1,600,000, deni likalipwa kwa 1,320,000. Hiyo 280,000 ni faida ya kubadilisha fedha, na inastahili akaunti yake peke yake. Gharama ya viatu haiguswi. Ndivyo kanuni ya kimataifa ya uhasibu, IAS 21, inavyoagiza: deni la dola hupimwa upya kila hesabu zinapofungwa, lakini bidhaa hubaki na kiwango cha siku zilipopokewa. Programu ikivichanganya hivi viwili, mwenye duka ataamini kwamba ni viatu vilivyomletea pesa, ataagiza mzigo mkubwa zaidi, na dola ikipanda mtaji utayeyuka asijue ulikokwenda.

Na mzigo ni uleule mmoja, ila viwango si kimoja. KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, hukokotoa ushuru kwa kiwango chake. Benki nayo humuuzia dola kwa bei iliyo juu ya wastani unaotangazwa na Benki Kuu. Kwa hiyo programu inayojivutia kiwango kutoka kwenye intaneti na kukataa kurekebishwa ni ya kuepukwa. Iniache niandike kilichoandikwa kwenye stakabadhi ya benki.

Kuna pia suala la desimali, ambalo wengi hulipuuza. Tuseme shilingi moja ya Kenya ni 19 za Tanzania. Ukigeuza, moja ya Tanzania ni 0.0526 ya Kenya. Programu inayokubali tarakimu mbili tu baada ya nukta itaandika 0.05, na mauzo ya shilingi 4,000,000 za Tanzania yatasomeka 200,000 badala ya 210,526. Zaidi ya elfu kumi imepotea vitabuni, na hakuna aliyeiba.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kampuni nyingi huificha huduma ya sarafu nyingi kwenye kifurushi cha bei ya juu, kana kwamba ni mashirika makubwa tu yanayovuka mipaka. Mwenye kibanda pale Namanga, mpakani mwa Kenya na Tanzania, hushika shilingi za nchi mbili tangu asubuhi! Programu ya uhasibu ya GnuCash inaifanya kazi hii bure, ingawa kujifunza kwake kunataka subira. Ndugu zangu mnaotengeneza programu Nairobi na Dar es Salaam, iwekeni huduma hii kwenye kifurushi cha kwanza, na mruhusu tarakimu sita baada ya nukta.