Mgongo wa Rubani wa Jeshi: Mazoezi au Kiti?

Hapa Unguja ukilalamika mgongo, utaambiwa kwanza ujiunge na kikundi cha mazoezi. Si ajabu, maana kila tarehe 1 Januari tuna siku yetu ya mazoezi. Ndiyo maana barazani watu husema marubani wa helikopta za kijeshi wanaumwa migongo kwa uvivu tu. Hapo ndipo ninapopingana nao.

Mkono wa kushoto wa rubani huyo unashuka ubavuni kwenye wenzo wa kupandishia chombo, wa kulia umeshika fimbo ya kuongozea iliyo katikati ya magoti, na miguu yote miwili iko kwenye pedali. Kujinyoosha hawezi, kuegemea vizuri hawezi. Ameinama mbele na kupinda kidogo upande mmoja. Mitetemo nayo haiishi. Ile ya mara 4 hadi 6 kwa sekunde ndiyo inayomtikisa zaidi mtu aliyekaa, na panga kuu za baadhi ya helikopta huzunguka kwa kasi hiyo hiyo. Usiku anavaa na miwani ya kuonea gizani, uzito wote shingoni.

Wanaotetea mazoezi wana hoja nzito. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mazoezi kwa maumivu sugu ya kiuno, na likashauri mikanda ya kiuno isiwe tiba ya kawaida (wauza mikanda hawatalipenda hilo). Lakini mazoezi gani? Kukimbia lami alfajiri kunafaa moyo. Misuli ya ndani inayoshika uti wa mgongo inataka kazi yake: umepiga magoti, viganja chini, unanyoosha mkono mmoja na mguu wa upande wa pili, polepole, bila kuyumba.

Hata hivyo, mazoezi hayabadilishi kiti. Na kumwambia askari "fanya mazoezi" ni kumtwisha yeye lawama. Akihofia kusimamishwa kuruka, atanyamaza akachuliwe kwa siri.

Mimi naegemea upande wa mazoezi, ila yawe ndani ya saa za kazi, yasimamiwe na mtaalamu wa viungo, na yasiwe kisingizio cha kuahirisha matengenezo ya kiti au upunguzaji wa saa za kuruka mfululizo. Na asisahauliwe fundi wa ndani ya helikopta, anayeinama mlangoni akivuta mizigo huku chombo kinatetemeka: wenzo hashiki, lakini mgongo anao.