Nipeni Lori, Bunduki Chukueni Nyie

Kwenye Squad, gemu la vita la kompyuta, kuna kazi ambayo karibu kila mtu anaikwepa: kuendesha lori la vifaa. Unapakia risasi na vifaa vya ujenzi kambi kuu, unakata barabara ya vumbi peke yako, unashusha mzigo, unageuza, unarudi kupakia tena. Mchezo unaweza kuisha hujamlenga adui hata mmoja. Mimi ndiyo kazi ninayoigombania, na kila nikisema hivyo kijiweni nachekwa. Haya, ngoja nijitetee.

Kwa wasiolijua, Squad limetengenezwa na kampuni ya Canada iitwayo Offworld Industries, likatoka rasmi mwaka 2020 baada ya kuchezwa kwa miaka likiwa bado linajengwa. Uwanja mmoja unabeba watu 100, 50 kwa 50, na kila upande umegawanyika vikosi vya watu wasiozidi 9, kila kikosi na kiongozi wake. Ukifa, unategemea ngome ambayo wenzako wameijenga karibu na mapambano ili urudie hapo. Hakuna ngome? Unaanzia kambi kuu, na kutoka huko hadi kwenye mapigano ni mwendo wa kukufanya ujute. Ngome nayo haisimami bila mzigo. Kwa hiyo lori likichelewa, hodari wa kulenga na asiyejua kulenga wote wanatembea kwa miguu.

Raha yenyewe inaanzia kwenye ujenzi. Kiongozi anaweka chini redio ya kuanzishia ngome, ukingoni mwa msitu, anachora pa kujenga, halafu kila mtu anachomoa beleshi. Ndiyo, beleshi. Wanajeshi wenye bunduki za kisasa wamezunguka shimo, wanachimba, na hakosi mmoja wa kulalamika kwamba fulani kasimama tu anaangalia mawingu. Huku wanachimba wanabishana: dirisha lielekee wapi, adui atatokea upande gani, nani alinde nyuma. Dakika chache za namna hiyo na watu ambao hawajawahi kuonana wameshapangiana kazi.

Na wanasikilizana, maana sauti kwenye gemu hili zimepangwa kwa akili. Unaweza kuongea na aliye karibu nawe, hata kama ni wa kikosi kingine. Unaweza kuongea na kikosi chako kwa redio. Viongozi wana redio yao wenyewe ambayo sisi wengine hatuisikii. Kiongozi mzuri anaziendesha zote kwa wakati mmoja. Kuna mmoja nilicheza chini yake, alikuwa anamjibu mwenye kifaru, anamwelekeza tabibu apitie nyuma ya ukuta, na mimi ananiambia nilifiche lori mbali na ngome nisije nikaiumbua, yote hayo bila kupandisha sauti. Nimefanya kazi na mabosi wasioweza hata robo ya hiyo.

Halafu kuna kule kuanguka. Umepigwa, umelala, skrini imefifia, unasikia viatu vinakaribia na hujui ni vya nani. Kuna kitufe cha kukubali kufa. Ukikibonyeza unaondokana na mateso lakini upande wako unakatwa pointi. Ndipo mtu usiyemjua, pengine yuko Ulaya na lafudhi yake huielewi vizuri, anakuambia usikibonyeze, anakuja. Anatupa bomu la moshi, anavuka uwanja ulio wazi, anapiga magoti, anakufunga bandeji huku risasi zinapita. Angeweza kukuacha. Hakuna kombe analopewa kwa hilo. Ukishainuliwa namna hiyo, utashangaa jinsi unavyoanza kumtafuta na wewe wa kumwinua.

Wapo wanaosema magemu haya yanawafundisha watoto kuua. Sina ugomvi na mzazi anayechunga muda na umri, ana haki yake. Ila anayedhani kinachotuvuta ni damu, aje akae pembeni yangu saa nzima anitazame ninavyoendesha. Atasinzia.

Utamu huu haukuanza jana. Counter-Strike, iliyotengenezwa na Minh Le na Jess Cliffe, ikaanza mwaka 1999 kama nyongeza ya gemu la Half-Life, ilishamkalisha mchezaji chini: ukifa, subiri raundi iishe, tazama wenzako, ziba mdomo. Battlefield 2 ya mwaka 2005 ikaleta vikosi na kamanda wa kuwaagiza. Mashabiki wake hawakuridhika, wakalifanyia marekebisho makubwa wakayaita Project Reality, na humo ndimo Squad lilimochipukia. Utaona kwamba waliolivuta gemu lipunguze kasi ni wachezaji wenyewe. Mwaka 2023 Offworld walizidi kukaza: bunduki zikawa ngumu kulenga ukiwa umetoka kukimbia, na ukimiminiwa risasi macho yanavurugika. Kelele zilipigwa, hasa na wale mashujaa wa kukimbia peke yao. Mimi nilifurahi. Asiyeweza tena kumaliza kikosi kizima peke yake inabidi aombe msaada, na akiomba msaada ataniomba na mimi mzigo.

Tena sisi wa Tanga tunalidharauje lori? Novemba 1914, katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walileta jeshi kutoka India, watu 8,000 hivi, wakashukia Ras Kasone (Raskazone ya leo), hapa hapa Tanga. Upande wa Wajerumani, chini ya Paul von Lettow-Vorbeck, walikuwa 1,000 hivi, wengi wao askari Waafrika. Habari ya nyuki waliowavamia wapiganaji kila mtu hapa mjini anayo, na nyuki walikuwepo kweli, tena hawakuchagua upande. Lakini kabla ya nyuki kulikuwa na garimoshi. Tarehe 2, Kapteni Caulfield wa manowari ya Fox alitangulia, akautaka mji usalimu amri, akatoa muda. Huku nyuma askari walikuwa wanasombwa kutoka Moshi kwa reli, reli ile ile iliyoanza kujengwa hapa kwetu mwaka 1893. Waliokuja wengi walichelewa kwa mlango wa mbele, waliokuwa wachache wakapata treni. Waingereza walipopanda tena meli zao waliacha bunduki kwa mamia na risasi zinazokadiriwa kufika 600,000, mzigo ambao adui yao aliushukuru.

Hapo hapo ndipo gemu na vita vinapoachana. Reli ilipoishia, mizigo ya vita ile ilikwenda vichwani mwa watu, na wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na kuchoka kuliko kwa risasi. Lori langu likilipuliwa nasubiri kidogo napewa jingine. Kwa hiyo mtu akinisifia Squad kwamba ni vita kabisa, namwambia apunguze. Ni mchezo, na uzuri wake ni wa mchezo.

Najua pia kwamba kompyuta ya kuliendesha si ya mshahara wetu wa kawaida. Mimi mwenyewe nachezea kwa rafiki huko Raskazone, na intaneti ikiamua kununa tunakaa tunaangaliana. Vijana wengi wa Ngamiani na Makorora wako kwenye simu: Call of Duty: Mobile au PUBG Mobile. Yana haraka mno kwa ladha yangu, na ule ubao wa mwisho unaomhesabia kila mtu aliowaua ndio unaoharibu wachezaji. Katika mpira wa mtaani kila mtoto anataka kuwa mshambuliaji. Ukimwekea na ubao wa mabao pekee, umemaliza kabisa habari ya beki.

Hata hivyo watu ni watu. Juzi nilisimama kwenye baraza moja Makorora, vijana wanne wako PUBG. Mwenye bando anawarushia wenzake, kwa hiyo hakuna anayethubutu kumtukana. Mmoja wao kulenga hajui kabisa, wanamwita Dereva. Yeye ndiye aliyewavusha daraja la kwenda kisiwa cha kambi ya jeshi, pale ambapo watu hujibanza wakisubiri wapitaji, gari linatoa moshi, tairi limepasuka, wenzake wanapiga kelele, “Mgosi, usisimame! Usisimame!” Hakusimama. Mwisho wa mchezo ubao ukamwandikia sifuri, wakamcheka sana. Mchezo uliofuata, kabla ndege haijapaa, watatu wote walikuwa wanamuuliza yeye gari watalipata wapi.