Fyuzi ya Threadripper na waranti ya kompyuta yako

Mwaka 2023 kampuni ya AMD ilipotoa prosesa (ubongo wa kompyuta) za Threadripper 7000, ilijulikana kwamba ndani yake kuna fyuzi inayokatika pale mtumiaji anapowasha ovakloki, yaani anapoiruhusu prosesa ikimbie kupita kasi iliyopangiwa kiwandani. Ikishakatika, imekatika. Wengi wakadhani waranti nayo imekwenda. AMD ikajibu kwamba fyuzi kukatika hakufuti waranti. Kisicholipiwa ni uharibifu uliosababishwa na ovakloki yenyewe.

Ugomvi wote uko hapo: anayenyimwa waranti ananyimwa kwa sababu aligusa, au kwa sababu aliharibu?

Mtengenezaji ana hoja nzito, na hasa kwa kompyuta inayouzwa ikiwa imeshaunganishwa. Umeme unaoliwa na prosesa hupanda kwa mraba wa volti. Ukitoka volti 1.2 ukafika 1.4, umeongeza joto kwa takriban asilimia 36 kabla hata hujagusa kasi. Anayejiundia kompyuta hununua feni kubwa na pawa saplai yenye akiba kwa kuwa anajua anakoelekea. Kompyuta ya kiwandani mara nyingi imepewa feni na pawa saplai za kutosha kazi ya kawaida tu, basi. Na madhara hayaji siku hiyohiyo: mkondo mkubwa wa umeme husukuma chembe za metali ndani ya nyaya za prosesa kidogo kidogo, na mashine inaweza kufa miezi mingi baada ya mwenyewe kurudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Fundi wa waranti atajuaje?

Lakini kampuni hizohizo zinauza kasi. Intel, mshindani wa AMD, huuza prosesa zenye herufi K, zilizofunguliwa kwa ajili ya ovakloki, kwa bei ya juu kuliko ndugu zake. Iliwahi hata kuuza bima yake maalumu ya kubadilishiwa prosesa iliyoungua kwa ovakloki, ikaifuta mwaka 2021. Linalonikera zaidi ni ramu, kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Ramu ya aina ya DDR5 iliyoandikwa kasi ya 6000 kwa kawaida huwaka kwa kasi ya chini, mara nyingi 4800, mpaka uwashe XMP au EXPO, mipangilio ya kasi iliyohifadhiwa ndani ya ramu yenyewe, kwenye BIOS, yaani programu ya mipangilio ya msingi ya kompyuta. Intel na AMD zote huhesabu kitendo hicho kuwa ovakloki. Mteja aliyelipia 6000 akiwasha 6000, amevunja mkataba gani?

Na prosesa kuharibika si ushahidi kwamba mwenyewe aliichezea. Mwaka 2024 prosesa za Intel za kizazi cha 13 na cha 14 zilikuwa zikiyumba na kuzima programu kwa watu ambao hawajawahi kufungua BIOS. Kati ya sababu zilizotajwa ni maikrokodi, yaani maelekezo ya ndani ya prosesa, iliyokuwa ikiomba volti kubwa kupita kiasi. Intel ikarefusha waranti kwa miaka 2, ikawa 5. Kabla ya hapo, ni wangapi waliambiwa kosa ni lao?

Marekani ina sheria ya waranti ya Magnuson-Moss ya mwaka 1975, na mwaka 2018 FTC, mamlaka ya kulinda walaji, iliitumia kuzionya kampuni 6 zilizodai kwamba mteja akitumia vipuri au fundi wa nje, au akivunja stika ya waranti, amepoteza haki yake. Hata huko, mtengenezaji bado anaweza kukataa uharibifu uliotokana na matumizi mabaya. Aliyenunua Kariakoo au Nairobi hana sheria hiyo mkononi. Aanze na karatasi aliyopewa dukani.

Kwa maoni yangu mzigo wa kuthibitisha umwangukie anayekataa kulipa, na fyuzi ya AMD ibaki kumbukumbu tu, isiwe hukumu. Ila mwenye kompyuta ya kiwandani nisingemshauri aguse volti waranti ikiwa hai. Waranti yake mara nyingi ni moja kwa mashine nzima, kwa hiyo ubishi kuhusu prosesa unaweza kumfuata hata siku diski itakapokufa. Faida yenyewe ni finyu: prosesa ya Intel Core i9-14900K hujipandisha yenyewe hadi gigahezi 6.0 bila kuguswa, na juu ya hapo pamebaki padogo sana. XMP ni jambo jingine. Kama kasi ya ramu imetajwa kwenye risiti, mwambie muuzaji aiwashe mwenyewe mbele yako, kisha aandike hivyo kwenye karatasi ya waranti.