Mzinga wa Saa Sita

Mimi ni mtoto wa Forodhani, Unguja. Nalisema mapema ili ujue aibu yangu ilikuwa na uzito gani. Utotoni tulikuwa tukingoja maji yajae, tunavua mashati, tunapiga mbio na kujirusha baharini kutoka ukutani, mmoja nyuma ya mwengine, na watalii wanatupiga picha. Bahari nimeinywa kwa pua kabla sijaijua alifu. Kwa hiyo nilipomaliza baridi yangu ya kwanza Ujerumani, miezi mitano ya kulala na soksi, halafu nikasikia kwamba huko Nice, kusini mwa Ufaransa, watu wanakaa ufukweni mwezi wa Machi, sikuuliza swali la pili. Nikapanda basi la usiku.

Safari ilikuwa na sababu nyengine. Shangazi yangu aliolewa na Mngazija na yuko Marseille miaka mingi, mji ambao Wangazija wamejaa mpaka ukitembea mtaani unasikia maneno nusu unayaelewa. Tulikubaliana kwa simu kwamba atakuja Nice kwa treni, mwendo wa zaidi ya saa mbili, tarehe 1 Aprili. Tukutane saa sita mchana uwanja wa Masséna, chini ya sanamu.

"Sanamu gani, Shangazi?"

"Utaiona tu. Yule mwanamme asiye na nguo. Mimi nitakaa nimempa mgongo. Na saa sita ni saa sita, si saa sita ya kwetu. Sikukuti, narudi zangu na treni ya mwanzo."

Nikafika tarehe 31 Machi asubuhi. Jua limewaka, bahari buluu ya kuumiza macho, na barabara ya kutembea kwa miguu imeandamana na ufukwe kilomita 7. Jina lake Promenade des Anglais, njia ya Waingereza, kwa kuwa Waingereza ndio waliokuwa wakija hapa kukimbia baridi ya kwao, na miaka ya 1820 wakatoa fedha ijengwe, watu waliokuwa na njaa wapate kazi. Pembeni kuna viti vya buluu vya kukaa kutazama maji. Mtu mwenye akili angekaa kwenye kiti. Mimi nikatoa kikoi.

Chini ya kikoi nilivaa kaptura, alhamdulillahi, na utaona baadaye kwa nini namshukuru Mungu. Simu nikaitia kwenye mfuko wa plastiki, nikaifunga kwenye mkunjo wa kikoi kiunoni, maana nilikwishaonywa kuhusu wezi. Malapa nikayaacha juu, kwenye ngazi. Mtoto wa pwani anakwendaje ufukweni na malapa?

Ufukwe wa Nice hauna mchanga.

Hakuna aliyeniambia. Ni mawe, rafiki yangu. Mawe ya kijivu, ya mviringo, mengine kama yai, mengine kama embe dodo, kutoka mwanzo hadi mwisho wa macho. Kila hatua nilikuwa nikinyanyua mguu kama jogoo aliyekanyaga makaa. Wenyeji wamelala juu ya mawe yale kama wako juu ya godoro la sufi, mmoja anasoma gazeti.

Nilipofika majini nikasimama kuangalia kama maji yanajaa au yanakupwa. Ni desturi, huingii tu. Nikaangalia, nikangoja. Nikapata mzee mmoja anavua kwa ndoana, na kwa kuwa Kifaransa changu ni cha "bonjour", nikamuuliza kwa mikono: maji, nikapandisha viganja juu, maji, nikavishusha chini, saa ngapi? Mzee akanitazama kwa huruma kubwa, akanionyesha vyoo vya umma.

Siku hizi najua: bahari ile karibu haina kujaa na kupwa. Yanapanda na kushuka kidogo mno, hata nusu mita hayafiki. Yaani huwezi kumwambia mtu "nitakuja maji yakikupwa", atakungoja mpaka azikwe. Hawana bamvua, hawana maji mafu. Bahari imekaa pale pale kama mkwe sebuleni.

Basi nikaingia. Hatua ya kwanza, kifundo cha mguu. Hatua ya pili, goti. Hatua ya tatu sikuikuta, maana chini hakukuwa na chini. Kwetu unaweza kutembea baharini mpaka ukachoka, maji bado yako mapajani. Huku ukoko wa mawe umekatika kama ngazi iliyovunjwa. Nikazama wima. Na ubaridi! Nilijua kuna jua, nikadhani jua limekwisha kazi yake. Nilipoibuka nilimwita mama yangu kwa jina lake, kitu ambacho sijapata kukifanya maishani.

Kuingia ilikuwa rahisi. Sasa kutoka. Mawimbi yalikuwa madogo, ya kuchezea watoto, lakini kila nikipata mguu kwenye yale mawe, yanateleza yote kwa pamoja na mimi juu yake, hatua moja mbele na mbili nyuma. Nikaanza kutambaa. Mtoto wa Forodhani, kwa miguu minne, kikoi kinanizonga magoti, midomo inatetema. Nikafika pahala nikasema sasa nimeokoka.

BUUUUM!

Mzinga. Si radi wala lori. Mzinga, mlio uliogonga kifua na kurudi kutoka majumbani. Mimi sikufikiri. Nikalala kifudifudi juu ya mawe, mikono kichwani, nikapiga shahada yangu kwa haraka, na wimbi likapita juu yangu likachukua kikoi changu.

Kimya. Nikanyanyua jicho moja. Hakuna aliyekimbia. Yule wa gazeti amefungua karatasi ya pili. Watu wanatoa mikate kwenye mifuko. Kisha nikaona miguu miwili ya kizee imesimama mbele yangu, bibi wa miaka themanini hivi, kavaa nguo ya kuogelea, ndiyo kwanza anatoka majini kwa utulivu kama anatoka bafuni kwake. Akanishika mkono akanivuta. Akaonyesha kilima upande wa mashariki, akagonga kifundo cha mkono mahali pa saa, akasema, "Midi!" Halafu akajitia vidole mdomoni: kula.

Kikoi wimbi lilikirudisha. Simu ilikuwamo, na ule mfuko wa plastiki ulikuwa umejaa maji vizuri kabisa, bila kuvuja hata tone.

Nyumba ya wageni nilikofikia, kijana wa mapokezi alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akanihadithia. Wanasimulia kwamba miaka ya 1860 alikuwa akija hapa Mskochi mmoja, Sir Thomas Coventry-More, ambaye mkewe akitoka asubuhi kutembea alikuwa akinogewa na mazungumzo, akasahau chakula cha mchana. Bwana akaomba ruhusa apige mzinga kila siku saa sita, bibi asikie arudi nyumbani. Alipoondoka moja kwa moja watu wakauona mji umepwaya, na mwaka 1875 mji wenyewe ukaufanya rasmi. Siku hizi si mzinga wa risasi, ni fataki kubwa, lakini mlio ni ule ule. (Mji mzima unalipuliwa kwa ajili ya mboga ya mtu mmoja! Kwetu huyo bibi angenunua mzinga wake.)

"Kila siku?" nikauliza.

"Kila siku. Unaweza kurekebisha saa yako kwa mzinga huu."

Kitu kimoja hakunambia, na naamini alifanya kusudi.

Simu nikaizika ndani ya kilo ya mchele. Haikufufuka, mchele nikaula. Namba ya Shangazi ilikuwa humo humo, na saa ya mkono sina, lakini sikuwa na wasiwasi hata chembe. Si mzinga upo?

Asubuhi ya tarehe 1 nikapanda Colline du Château, kilima cha ngome. Kuna lifti ya bure, nami kwa ubishi nikapanda ngazi zaidi ya mia mbili na nyayo zangu bado zina alama za mawe. Juu nikaitafuta ngome. Haipo! Mfalme Louis XIV aliamuru ibomolewe mwaka 1706, na mpaka leo watu wanapanda ngazi kwenda kutazama pahala ambapo haipo. Lakini wallahi, mandhari yake hulipii fedha ukaijutia: huku ghuba imepinda kama mundu, kule bandari imejaa mashua, katikati mapaa mekundu ya mji wa kale, na nyuma yako maporomoko ya maji waliyoyatengeneza wenyewe, yanakurushia manyunyu usoni.

Walikuwapo watoto wa skuli na mwalimu wao. Wawili wakanijia kwa nyuma, mmoja akanipiga mgongoni taratibu, wakakimbia wakicheka. Nikatabasamu. Nikasema moyoni, watu wanawasema vibaya Wafaransa bure, kumbe watoto wao wana mapenzi na wageni.

Ndipo ukalia. Buuum! Safari hii niko karibu, masikio yakaziba, lakini sikulala chini. Mimi si mgeni tena. Nikasimama wima, nikawageukia watalii walioshituka, nikagonga mkono mahali pa saa nikasema kwa sauti ya mwenyeji: "Midi!" Wakacheka sana. Nikaona wamefarijika.

Kisha nikakumbuka: saa sita. Shangazi!

Nilishuka kile kilima kwa mbio ambazo sikuwa nazo jana. Nikapita Cours Saleya, soko la maua, sikunusa hata ua. Nikapita mwanamke anauza socca, mkate mwembamba wa unga wa dengu na mafuta ya zeituni, umetoka kwenye sinia kubwa la shaba, moshi unafuka, pilipili manga juu. Harufu ya bajia za Darajani kabisa. Nikaziba pua. Nikaibukia Masséna, sakafu ya mraba mweusi na mweupe kama ubao wa drafti, na sanamu ile pale: Apollo, mita 7, hana hata kitambaa, na kichwani amebeba farasi wanne. Kuna wakati wakaazi walimlalamikia mpaka akaondolewa, wakamrudisha mwaka 2011. Nikamzunguka mpaka nikamjua kuliko inavyostahiki. Shangazi hayupo.

Kaja, kanikosa, kaondoka. Namjua. Nikashika njia ya stesheni kwa mbio, labda nimuwahi kabla hajapanda.

Stesheni kuna saa kubwa. Ilisema saa tano na dakika arubaini.

Hapa naomba unisikilize kabla hujanihukumu. Siku chache nyuma, Jumapili ya mwisho ya Machi, karibu Ulaya yote ilikuwa imesogeza saa mbele kwa saa moja, kama wanavyofanya kila mwaka. Mimi nikaitazama ile saa, nikafanya hesabu, nikaona jambo li wazi: wamesahau kuisogeza. Saa ya stesheni ni mashine na mashine hukosea, lakini mzinga unaolia tangu 1875 utakosea leo? Nikaisikitikia nchi kubwa kama ile.

Treni ya kwenda Marseille ilikuwa imesimama. Nikapita dirisha kwa dirisha, nachungulia kila mama aliyejifunga mtandio. Upande wa pili treni nyengine ikaingia, abiria wakamiminika nyuma yangu, sikugeuka. Mimi natafuta anayeondoka, wanaofika wananihusu nini? Treni yangu ikaondoka bila Shangazi. Nikakaa nikingoja ya pili. Hata hiyo hakupanda.

Nikarudi Masséna kwa miguu, nimekwisha. Na pale, kwenye benchi, kampa mgongo Apollo, mkoba mapajani, Shangazi.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Saa saba kasorobo."

"Shangazi, mimi hapa nilifika tangu mzinga..."

"Mzinga upi?"

"Wa saa sita. Nilikuwa juu kilimani, nikausikia kwa masikio yangu."

Akafumba macho kidogo, kama anayehesabu mpaka kumi. "Leo tarehe ngapi, mwanangu?"

"Moja Aprili."

"Tarehe moja Aprili mzinga wa Nice hulia saa tano. Kila mwaka. Ni mzaha wao, na mji mzima wanajua. Ndiyo nikakwambia saa sita ni saa sita." Kisha akanitazama upande, akanyamaza. "Hebu geuka."

Nikageuka. Nikasikia karatasi inabanduka, *tra*, kisha nyengine, *tra*. Samaki wawili wa karatasi, wamepakwa rangi vizuri, mmoja ana tabasamu. Nao ni mchezo wa siku hiyo hiyo, watoto huwabandika watu mgongoni. Nilikuwa nao tangu kilimani, kupitia sokoni, nikazunguka nao sanamu na kuchungulia nao madirisha ya treni.

Shangazi aliwashika mkononi wale samaki, akawatazama sana, mabega yakaanza kumtikisika.

"Nilipokuwa nashuka kwenye treni," akasema, "nimemuona kijana kwa nyuma, mrefu, mweusi, anachungulia treni ya watu na samaki wawili mgongoni. Nikasema, masikini, sijui mtoto wa nani yule. Nikamuombea dua, nikapita."