Chujio la 2.4 GHz: koili na kapasita, au mistari ya shaba?

Chujio la redio hupitisha masafa unayoyataka na kuzuia mengine; hujengwa kwa vipande vidogo, yaani koili na kapasita, au kwa mistari ya shaba iliyochorwa kwenye bodi yenyewe. Ubishi wa kipi kichaguliwe hauna uzito kwenye 433 MHz. Juu ya bodi ya FR4 (ile ya kawaida ya nyuzi za kioo) yenye unene wa 1.6 mm, mstari wa robo ya wimbi hufika sentimita 9 na nusu, na chujio la hatua tatu litameza bodi nzima. Weka koili na kapasita, basi.

Kwenye 5.8 GHz mambo hugeuka. Robo ya wimbi ni 7 mm tu, na vipande vidogo huanza kusaliti: kapasita ya 1 pF yenye nusu nanohenri mwilini mwake hugeuka kuwa koili juu ya 7.1 GHz, na tundu moja la kushukia ethi, lenye takriban 1 nH, tayari ni omu 36. Hapo chora mistari, lakini si juu ya FR4, maana upotevu wake (karibu 0.02) hauruhusu Q (kipimo cha ubora: kikiwa kikubwa, upotevu ni mdogo) kupita 50. RO4350B, bodi maalumu ya redio, ina 0.0037.

Tabu khasa iko 2.4 GHz. Koili nzuri ya saizi 0402 (kama 1 mm kwa nusu mm) nayo Q yake huzunguka hapo hapo kwenye 50, kwa hiyo upotevu hauamui. Kapasita za 5% zikikosea zote upande mmoja, chujio huhama kama 60 MHz, ilhali bendi nzima ya Wi-Fi ni 83.5 MHz. Na kapasita iliyonunuliwa sokoni Darajani, Zanzibar, bila karatasi ya vipimo ni bahati nasibu. Mistari hurekebishika kwa wembe: ukikata ncha, masafa hupanda, kwa hiyo ianze mirefu kidogo. Ila mistari ya nusu wimbi hupitisha tena karibu na 4.9 GHz, pale pale penye uchafu wa kipaza nguvu, yaani mara mbili ya masafa yake. Baada ya kipaza, basi, ningeweka vipande. Mbele ya kipokezi, mistari.

Visiwani hewa nayo ina neno. FR4 hunywa unyevu, na masafa ya mistari hushuka. Vanishi ya kuzuia chumvi huyashusha pia, kwa kuwa sehemu ya mawimbi husafiri juu ya bodi. Paka kwanza, iache ikauke, ndipo upime na kukata, kisha ziba ncha uliyoikata. Pima tena kifuniko cha bati kikiwa juu yake, angalau 8 mm kutoka kwenye shaba. Vipande havisumbuliwi sana na vanishi, lakini chumvi ikiingia kati ya miguu ya 0402 bila kinga, Q huporomoka.